KIFUA CHA MTOTO: TUSISIMAME KWENYE DHANA



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi jambo zito, ambalo katika nyumba zetu halitajwi ila kwa kunong'ona. Jambo lenyewe ni saratani inayoota ndani ya kifua cha mtoto mdogo. Hapana shaka wengi watastaajabu na kuuliza: Je, saratani ya mapafu si ugonjwa wa watu wazima waliovuta tumbaku miaka mingi? Imekuwaje impate mtoto ambaye hata kutamka herufi bado hajui? Sisi nasi tulistaajabu vivyo hivyo, mpaka jambo hilo lilipotufikia mlangoni.

Sisi tuandikao haya hatukusomea utabibu. Kazi yetu ni kusomesha watoto Kurani Tukufu hapa mjini Morogoro, na masomo yetu ya shule yaliishia shule ya msingi. Lakini tuliyoyaona tumeyaona kwa macho yetu, na tusiyoyajua tumewauliza wenye kuyajua, kama dini yetu ilivyotuamrisha.

Miaka michache iliyopita alitujia mama mmoja kutoka kijiji cha milimani, upande wa Matombo, amembeba mgongoni binti yake wa miaka mitatu. Kaka wa mtoto huyo alikuwa mwanafunzi wetu, naye alikaa mjini kwa mama yake mdogo. Mtoto alikuwa akikohoa, homa ikimpanda kila jioni, na pumzi zake zilikwenda mbio kama za mtu aliyepanda mlima. Mama akatuamkia, kisha akasema: "Maalim, mwanangu kifua kimemshika tangu tulipokuwa tukivuna mpunga. Zahanati wamenipa dawa mara mbili. Hupata nafuu siku tatu nne, kisha hurudi pale pale. Watu wananiambia ni jicho. Naomba uniandikie kombe."

Tukaandika. Hatujuti kumwombea mtoto yule, maana dua ni haki ya kila mgonjwa. Linalotuuma mpaka leo ni kwamba hatukumwuliza yule mama neno hata moja. Hatukumwuliza kama mtoto amepigwa picha ya kifua. Hatukumwuliza kama amepungua mwili. Aliporudi baada ya wiki mbili tukaandika tena, na aliporudi mara ya tatu tukaandika tena. Zikapita wiki sita, na katika wiki zote hizo mama yule alikuwa akiamini kwamba amekwisha kufika mahali pa kufika, kwa kuwa amefika kwa maalim. Siku ile ya tatu alipomlaza mtoto mkekani, tuliona upande mmoja wa kifua umetulia kimya, na upande wa pili peke yake ndio unaopanda na kushuka. Ndipo tuliposhituka, tukamchukua sisi wenyewe hospitali.

Picha ya eksirei ilionyesha nusu ya kifua nyeupe tupu. Kwanza ikadhaniwa kuwa ni nimonia iliyofanya usaha. Mtoto akachomwa sindano ubavuni, na usaha haukutoka. Kisha ikadhaniwa kuwa ni kifua kikuu, akaanzishiwa dawa zake. Wiki zilipopita na mtoto akazidi kukonda, daktari mmoja kijana alituita kando akasema: "Maalim, mpaka sasa sote tunadhani tu. Mtoto huyu yafaa apelekwe mahali ambapo kitakatwa kipande cha hicho kilichomo kifuani, kikatazamwe."

Tulipokuja kupata jina la ugonjwa, mwezi mwingine ulikuwa umekwisha kupita. Jina likapatikana, dawa zikaanza, na mtoto akapata nafuu, akacheza, akacheka. Kisha Mwenyezi Mungu akamchukua. Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake ndiko marejeo yetu. Ajali ikifika hairudishwi nyuma. Lakini hatukuamrishwa kuketi tukaingojea, na ndiyo maana tumeshika kalamu.

DHANA NA YAKINI

Kila mwanafunzi wa fikihi anajua tofauti ya dhana na yakini. Mtu aliye katika sala akaingiwa na shaka, hajui amesali rakaa tatu au nne, hufundishwa kujenga juu ya lile aliloliyakinisha. Twajifunza hayo tungali wadogo, tukayatumia katika udhu, katika saumu na katika talaka. Lakini mtoto anapougua, watu wale wale tunaotafuta yakini katika rakaa moja, huridhika na dhana juu ya roho nzima. Jirani akisema ni jicho, tunasema ni jicho. Muuza duka la dawa akisema ni kichomi, tunasema ni kichomi. Miezi inapita, na hapana hata mmoja aliyekitazama kitu chenyewe.

Katika magonjwa yote ya watoto, ni machache yanayohitaji yakini kama uvimbe wa ndani ya kifua, kwa sababu kwa nje hauonekani, na dalili zake zote ameziazima kwa wengine. Kikohozi ni cha mafua, homa ni ya malaria, kuhema ni kwa nimonia, kukonda ni kwa kifua kikuu. Hauna dalili hata moja iliyo yake peke yake.

KIKOHOZI HAKINA JINA MOJA

Kwanza twapenda wazazi watulize nyoyo zao. Watoto wanaokohoa katika nyumba zetu ni wengi kama mvua za masika, na karibu wote hawana saratani. Wana mafua, wana nimonia, wana pumu, au wana kifua kikuu. Wako pia waliovuta karanga, mbegu au ushanga ukaingia katika njia ya pumzi, na mzazi hakuona. Katika vijiji vya juu, kama vile vya Mgeta, ambako baridi na ukungu huwafanya watu wapike moto ndani ya nyumba, moshi wa kuni nao huumiza vifua vya wachanga na kuwazidishia nimonia.

Kwa hiyo daktari anayempa mtoto dawa ya nimonia mara ya kwanza hakukosea. Ameanza na lililo la kawaida, na hiyo ndiyo njia ya wenye akili. Kosa huja baadaye, pale dawa inapokwisha, ugonjwa ukabaki, na dawa ile ile ikarudiwa mara ya pili na ya tatu bila ya mtu kuuliza: Je, tulichokidhani ndicho kilichomo?

Kifua kikuu kwa watoto kina uzito wa peke yake. Robert Koch alikitambua kijidudu cha ugonjwa huo mwaka 1882, na kwa mtu mzima hupatikana kwa kutazama makohozi. Lakini mtoto mdogo hajui kutema makohozi, huyameza. Tena vijidudu vyake huwa vichache. Kwa hiyo waganga hulazimika kuyatafuta makohozi hayo tumboni kwa mpira mwembamba, au kupima choo chake kwa mashine, na mara nyingi huamua kwa kukusanya ushahidi: picha ya kifua, uzito unaopungua, na kuwapo nyumbani mtu mzima mwenye ugonjwa huo. Dhana ya namna hiyo ina nguvu, na mtoto hupewa dawa kwa dhana hiyo. Nafuu yake ndiyo inayokuwa shahidi. Mtoto akizinywa dawa zake barabara na uzito ukaongezeka, sifa njema ni za Mwenyezi Mungu. Lakini ikiwa mwezi mmoja au miwili imepita na hapana nafuu, mzazi asiziache dawa kwa shauri lake, bali arudi kwa waliompa, awaambie wazi: "Mwanangu hapati nafuu, naomba mtazame tena."

Hapa kwetu Morogoro, chini ya milima hii hii ya Uluguru, liko funzo ambalo Mwenyezi Mungu ametuwekea kwa kiumbe tunayemfukuza ghalani kila siku. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika liitwalo APOPO, ambalo asili yake ni Ubelgiji, huwafundisha panya buku kunusa. Wako wanaonusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na tangu mwaka 2007 wako wanaonusa kifua kikuu katika makohozi yanayoletwa kutoka hospitali na zahanati. Panya mmoja hupita makohozi ya watu 100 kwa dakika 20. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi wa wataalamu wa hapa hapa juu ya makohozi ya watoto wadogo, na ikaonekana kwamba kwa msaada wa panya, idadi ya watoto waliotambuliwa kuwa na kifua kikuu iliongezeka kwa zaidi ya nusu.

Lakini tazameni jambo moja, ndugu zetu. Panya akikwaruza kuonyesha kwamba hapa pana ugonjwa, hakuna anayepewa dawa kwa neno lake. Makohozi yale hurudishwa chini ya hadubini, mtu ayatazame, ahakikishe. Pua ile yote yenye sifa duniani bado huhesabiwa kuwa ni dhana. Basi itakuwaje neno la jirani, au la maalim, lihesabiwe kuwa yakini?

UGONJWA WENYEWE

Sasa tuueleze ugonjwa uliomchukua binti yule. Madaktari huuita pleuropulmonari blastoma. Hautokani na tumbaku, wala na uchawi, wala si adhabu ya kosa la mama alipokuwa mjamzito. Ni chembe za mapafu ambazo zilipaswa kukua na kutulia kabla ya mtoto kuzaliwa, zikaendelea kukua ovyo. Takriban siku zote huwapata watoto walio chini ya miaka saba, na miongoni mwa saratani zinazoanzia katika mapafu ya watoto wadogo, huo ndio ulio mkubwa zaidi kwa idadi.

Hata hivyo ni nadra mno. Ulielezwa kwa jina lake hilo mwaka 1988 na madaktari wa Marekani. Katika jimbo la Minnesota iliwekwa daftari maalumu ya kuandikia watoto wa dunia nzima wenye ugonjwa huo. Mwaka 2015 wenye daftari hiyo walipotoa khabari zao, watoto ambao vipande vyao vilikuwa vimetazamwa na kuhakikishwa walikuwa 350 tu. Ndiyo kusema daktari mzuri sana anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu bila ya kuonana na mgonjwa hata mmoja wa namna hiyo. Hatuwezi kumlaumu kwa kutoukumbuka siku ya kwanza. Tunachoweza ni kumrudia ili apate kuukumbuka.

Ugonjwa huu una namna tatu, na zimefuatana kama ngazi. Namna ya kwanza ni vifuko vyembamba vyenye hewa ndani ya pafu, na katika daftari ile nusu ya watoto wake waligunduliwa kabla ya kupita miezi 8. Namna ya pili ni vifuko vilivyochanganyika na nyama, nayo huonekana karibu na mwaka wa tatu. Namna ya tatu ni nyama tupu, ngumu, nayo huonekana baada ya mtoto kupita miaka mitatu. Ile ya kwanza ikiachwa yaweza kugeuka ikawa ya pili au ya tatu. Na hesabu ya watoto waliokuwa hai baada ya miaka mitano ilikuwa hivi: katika kila 100 wa namna ya kwanza walibaki 91; wa namna ya pili 71; wa namna ya tatu 53.

Tuzisome tena hesabu hizo polepole: 91, 71, 53. Binti yetu alikuwa na namna ya tatu. Hatusemi kwamba wiki zetu sita ndizo zilizomshusha ngazi. Hilo analijua Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini twajua kwamba katika ugonjwa huu wakati una thamani, na sisi tuliutumia kama usio na thamani.

Tena ni lazima tueleze kwamba si kila saratani inayoonekana katika mapafu ya mtoto imeanzia humo. Nyingi zimesafiri kutoka mahali pengine, kama figo au mfupa, zikaweka kambi kifuani. Ndiyo sababu daktari mwenye kuangalia sana, akiletewa mtoto mwenye kikohozi, humvua nguo akampapasa tumbo. Mzazi asimwone amepotea njia. Kikohozi chaweza kuwa kifuani na mzizi wake ukawa katika figo. Na saratani ya figo ya watoto ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa vizuri, hata pengine baada ya kufika mapafuni.

NJIA YA KUFIKIA YAKINI

Wazazi wengi hupelekwa huku na huku hospitalini wasijue wanapelekwa kwa nini, wakachoka, wakarudi nyumbani katikati ya njia. Basi tuieleze njia yenyewe.

Hatua ya kwanza ni picha ya eksirei. Hiyo huonyesha kivuli. Haionyeshi kivuli hicho ni cha nini. Maji, usaha, nyama ya saratani na pafu lililosinyaa, vyote vyaweza kuonekana vyeupe. Na kile kifuko cha hewa cha mtoto mchanga chaweza kufanana na hewa iliyovuja, au na kasoro ya kuzaliwa nayo isiyo na madhara.

Hatua ya pili ni altrasaundi, nayo husaidia kutenganisha maji na nyama. Ya tatu ni picha za CT, ambazo humkata mtu vipande vipande kwa picha bila ya kisu, zikaonyesha uvimbe ulipoanzia, ulipogusa, na kama mwili una uvimbe mwingine.

Hatua ya nne ndiyo yakini. Mganga wa upasuaji huchukua kipande cha uvimbe, au huutoa wote ikiwezekana. Kipande hutiwa mara moja katika dawa ya formalini kisioze, kisha hugandishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, na mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Yeye ndiye anayetoa jina. Wataalamu hao katika Afrika Mashariki ni wachache, na kazi yao haikubali haraka. Kwa hiyo majibu yaweza kuchukua siku nyingi. Mzazi avumilie, lakini asilale: aulize majibu yatatoka lini, aandike namba ya karatasi yake, aache namba ya simu inayopatikana.

Mtu atauliza: jina lina faida gani? Faida yake ilionekana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mganga wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya. Vivimbe vya namna hiyo vilikuwa vikionekana kila siku, navyo vikiitwa kwa majina mbalimbali. Burkitt aliviunganisha, akaandika khabari zake mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ugonjwa ulipotambuliwa kuwa ni mmoja, ilijaribiwa dawa moja, na watoto waliokuwa wakihesabiwa kuwa ni maiti wakaanza kupona. Dawa ilitanguliwa na jina.

HOFU ZINAZOTUCHELEWESHA

Sasa tuseme juu ya mwezi ule uliopotea kabla ya binti yetu kupelekwa Dar es Salaam. Nauli ilipatikana kwa mchango wa msikiti. Kilichotuzuia kilikuwa hofu.

Baba yake alisema: "Maalim, uvimbe ukiguswa na kisu huamka." Maneno haya yamo katika kila kijiji. Asili yake twaijua: watu wengi wamepelekwa kukatwa wakiwa wamekwisha dhoofu, wakafa baada ya siku chache, na waliobaki wakakihesabia kisu. Hawakuihesabia miezi minane ya kungoja. Vivyo hivyo hospitali kubwa imepata jina la mahali pa kwendea kufa, kwa sababu twawapeleka huko wanaokufa. Waganga wa upasuaji wamefundishwa pa kugusa na pasipo pa kugusa, na bila ya kipande kile hapana dawa itakayotolewa kwa haki.

Kisha likaja la mjomba. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na katika mambo ya mtoto mjomba ana neno kubwa. Mjomba alikuwa amekwenda kulima mbali, na wazee wakasema mtoto hawezi kukatwa bila ya kauli yake. Hatuidharau desturi hiyo. Ni heshima ya ukoo. Lakini alipofika na kuelezwa, mjomba mwenyewe aliinamisha kichwa akasema, "Mngenipigia simu tu, ningesema ndiyo siku ile ile." Tangu hapo twawaambia wazee wa milimani: ikiwa ni roho ya mtoto, kauli itafutwe kwa simu, wala isingojwe kwa miguu.

La tatu ni letu sisi walimu na masheikh. Watu hutujia kabla ya kwenda kwa daktari, na wengine hutujia baada ya kukata tamaa na daktari. Kwa hali zote mbili tunashika mlango. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, ametufundisha kwamba maradhi yana dawa zake na akatuhimiza tujitibu. Basi maalim anayemwandikia mgonjwa kombe asimwulize ameonwa na nani, amefunga mlango alioagizwa kuufungua. Siku hizi kwetu mgonjwa haandikiwi wala hasomewi mpaka atuonyeshe karatasi ya hospitali, au atuahidi mbele ya mashahidi kwamba kesho atakwenda. Wako waliokasirika wakatuhama. Tumewasamehe.

YAPASAYO NYUMBANI

Mzazi aliyesoma mpaka hapa atataka kujua aangalie nini. Amrudishe mtoto hospitali, aombe picha ya kifua au aombe irudiwe, akiona moja ya haya: kikohozi kilichopita wiki mbili, nimonia iliyorudi pale pale baada ya dawa kwisha, mtoto anayepungua uzito au kutokwa na jasho na homa isiyojulikana sababu, kifua kilichotuna upande mmoja, au upande mmoja usiopanda mtoto anapovuta pumzi, mtoto asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi, au aliyevimba uso na shingo, tumbo lililovimba au lenye kitu kigumu. Mtoto anayehema kwa shida, midomo ikigeuka rangi, hangoji asubuhi.

Ashike pia daftari yake. Aandike tarehe ya kila dawa, jina lake, na ilichofanya. Picha zote za eksirei azihifadhi, kwa sababu daktari anayeona picha ya Machi na ya Juni pamoja ataona ambalo mwenzake aliyeona moja hakuliona.

Jambo jingine linahusu ukoo. Mwaka 2009 wataalamu waligundua kwamba watoto wengi wenye ugonjwa huu wana kasoro katika jeni iitwayo DICER1, ambayo yaweza kurithiwa kwa baba au kwa mama. Katika koo kama hizo huweza kuonekana pia vifuko vya maji katika figo za watoto, au rovu kwa vijana. Hii si aibu wala si laana. Ni khabari ya kumwambia daktari. Mama wa binti yetu alikuwa na mtoto mwingine wa miezi mitano. Baada ya msiba daktari alimwita, akamwambia amlete yule mchanga apigwe picha angali mzima. Wanawake wenzake wakamwonya asimtafutie mwanawe ugonjwa. Yeye akafunga kanga yake, akaenda. Mapafu yalikuwa safi, na aliambiwa arudi kwa miadi aliyopewa. Kwa maoni yetu, katika khabari hii yote hapana aliyekuwa na elimu kuliko mama huyo.

Kuhusu gharama, watu hurudi nyumbani kwa hofu ya fedha kabla hawajauliza. Katika hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, watoto wenye saratani hutibiwa bila ya familia kutozwa fedha za matibabu, kwa ushirikiano wa hospitali na jumuiya ya Tumaini la Maisha. Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi nazo hutibu saratani za watoto. Kwa mtu wa Morogoro njia ni kupata barua ya rufaa katika hospitali ya mkoa. Na tangu Juni 2024 treni ya umeme hutufikisha Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa mbili au karibu na hapo. Safari ngumu imebaki ile ya kushuka mlimani wakati wa masika, nayo ndiyo ambayo misikiti yetu yaweza kuisaidia: mfuko mdogo wa nauli, na mtu mmoja wa kumsindikiza mama asiyejua mji.

Shirika la Afya Duniani lilieleza lilipoanza kampeni yake mwaka 2018 kwamba watoto na vijana kama 300,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya 80 katika kila 100. Katika nchi nyingi zenye uwezo mdogo hupona chini ya 30. Shirika hilo limeazimia kwamba ifikapo mwaka 2030 wapone angalau 60. Baadhi ya tofauti hiyo ni ya mashine na dawa, na hayo yamo mikononi mwa serikali. Lakini sehemu yake imo mikononi mwetu, nayo ni zile wiki zinazopita baina ya mkeka wa nyumbani na mlango wa hospitali.

Kaka wa binti yule bado yuko chuoni kwetu. Juzi alitujia na mtoto wa jirani yao aliyekuwa akikohoa, akasema, "Maalim, huyu wiki ya tatu. Tumsomee kwanza, au twende kwanza?" Tukamwambia, "Nendeni. Sisi tutasoma mkiwa njiani."

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaouliza kabla ya kuchelewa. Amin.